Ng'ombe wa dada, na ile hoja yangu ya semina

Najua nimepotea, wengine mmeshaanza kuulizana kama nimedisko. Sijadisko. Nilikuwa nyumbani Segese likizo nzima, na tangu nirudi hapa Mlimani nakaa kuandika, naandika mistari miwili, nafuta. Leo umeme upo, mwenzangu wa chumbani kaenda Mbagala kwa shangazi yake, nimeamua niliandike liishe. Ni refu kidogo, mnivumilie.

Kwa wasiopajua, Segese ipo Halmashauri ya Msalala, mkoa wa Shinyanga. Ukitoka Kahama mjini unashika njia ya kaskazini, upande wa Bulyanhulu. Kwetu ni mpunga, pamba, mahindi, ng'ombe na dhahabu. Mgodi mkubwa wa Bulyanhulu ulianza kuzalisha mwaka 2001, lakini sisi watu wa kawaida dhahabu yetu ni ya maduara: karasha zinanguruma mpaka usiku, watu wanaosha kwenye mialo, zebaki inashikwa kwa mkono mtupu kama vile ni maji. Rashi ikitokea mahali, mtu ambaye jana alikuwa anakimbia deni la mama ntilie leo ana pikipiki mbili. Hilo la pikipiki mbili mlishike, nitalirudia.

Sasa kabla ya Segese inabidi nianzie darasani. Muhula wa pili tulikuwa na kozi ya falsafa ya maadili, na kwenye semina mhadhiri akatugawa makundi. Mimi nikaangukia kundi la kutetea relativizimu, yaani ule msimamo kwamba hakuna jema na baya la watu wote. Kuna jema la Wasukuma, kuna jema la Wachaga, kuna jema la Waswidi, na kila moja linapimwa kwa mizani ya kwao tu. Wadau, siku ile nilikuwa moto. Nilianza na kisa anachosimulia Herodotus. Mfalme Darius wa Uajemi aliwaita Wagiriki waliokuwa kwake akawauliza wangetaka pesa kiasi gani ili wale maiti za baba zao. Wakasema hakuna pesa ya hivyo. Akawaita watu wa India walioitwa Callatiae, ambao wao kula maiti ya baba ndiyo ilikuwa heshima yenyewe, akawauliza wangetaka kiasi gani wamchome baba kwa moto kama Wagiriki wanavyofanya. Wakapiga kelele, asitamke tena maneno hayo. Darasa zima likacheka. Nikamleta Ruth Benedict na kitabu chake cha 1934. Nikamleta Herskovits na wenzake wa chama cha wanaanthropolojia wa Marekani, ambao mwaka 1947 waliwauliza Umoja wa Mataifa: hilo tamko lenu la haki za binadamu mnaloliandika litakuwaje la dunia nzima, lisiwe la Ulaya Magharibi na Marekani tu?

Halafu nikamalizia na ya kwetu. Nikasema waliokuja na meli walikuta babu zetu wana ngoma, wana majina, wana dawa, wakawaambia vyote ni vya shetani. Kwa hiyo mtu akija anasema ana maadili ya dunia nzima mfukoni, mwangalie kwanza mkono wa pili ameshika nini. Nikapigiwa makofi, nikapata 17 kati ya 20. Mpaka leo sijapata alama kama ile kwenye somo lolote.

Mwezi wa nane nikaenda nyumbani.

Baba yangu alifariki nikiwa darasa la tatu, kwa hiyo baba mdogo ndiye baba. Ndiye aliyenilea, ndiye aliyenichapa, ndiye aliyenipeleka kituo cha basi siku nakuja chuo. Siku ya tatu tangu nifike, tumeshakula michembe na maziwa, watoto wamelala, akasogeza kiti chake karibu na changu.

"Ng'wanawane," akasema, "wewe sasa ni msomi."

Ukisikia mzee anaanza hivyo, jua kuna kazi.

Akatoa bahasha mfuko wa koti. Ilikuwa barua ya posa. Anaposwa binti yake wa pili, mdogo wangu, ambaye alikuwa na miaka 15 na yuko darasa la saba. Mposaji ni kijana mwenye hisa kwenye duara moja huko machimboni, na duara lao mwaka huu lilikuwa limetema. Ng'ombe 15 na shilingi milioni mbili taslimu. Baba mdogo alitaka mimi niandike majibu, kwa mwandiko mzuri na Kiswahili cha kisomi, ili wakwe waone ukoo huu una watu. Na akaongeza, kwa sauti ya chini ya mtu anayekupa zawadi, kwamba katika zile milioni mbili moja ingekuwa yangu, ya kumalizia mwaka wa tatu, kwa sababu anajua Bodi ya Mikopo hainilipii vyote.

Nikamwambia, "Lakini baba, si yuko shule?"

"Mtihani ni mwezi wa tisa. Hatachaguliwa. Baada ya hapo si mwanafunzi tena."

Alisema "hatachaguliwa" kama mtu anayekuambia kesho mvua haitanyesha, ameangalia mawingu. Sikuelewa mpaka asubuhi yake. Nilikuwa nimemsindikiza mdogo wangu bombani, akaniuliza, "Kaka, baba kasema nisisome maswali, niweke tu kivuli kwenye herufi yoyote. Sasa nikiweka B zote, naweza kufaulu kwa bahati mbaya?"

Mimi nikamjibu hesabu. Nikamwambia majibu ni matano, A mpaka E, kwa hiyo ukiweka B zote utapata kama moja ya tano, huwezi kufaulu. Akasema, "Sawa." Akajitwisha ndoo, tukarudi. Nimelifikiria sana jibu lile. Mtoto ananiambia anauzwa, mimi nafundisha asilimia.

Mbinu hii siyo ya baba mdogo peke yake, kwa Kanda ya Ziwa ni ya zamani. Na ina akili ndani yake, ndiyo inayoniuma. Sheria ya Elimu ilirekebishwa mwaka 2016, anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari anakabiliwa na miaka 30 jela. Kwa hiyo unachofanya ni kuhakikisha kwanza siyo mwanafunzi. Upande wa ndoa kuna ile Sheria ya Ndoa ya 1971, ambayo kifungu cha 13 kilimruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya mzazi, wakati mvulana anasubiri 18. Rebeca Gyumi alikipeleka mahakamani, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ikasema kifungu kile na cha 17 vinapingana na Katiba. Serikali ikakata rufaa. Moja ya hoja za rufaa, nilizisoma maktaba baadaye na nikaona aibu kidogo, ilikuwa kwamba umri ule uliwekwa kwa kuzingatia mila, desturi na dini za jamii mbalimbali, na kwamba unamlinda binti asizalie nje ya ndoa. Yaani hoja yangu ya semina ilishavaa suti ikasimama mbele ya majaji, na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa. Iliagizwa sheria irekebishwe ndani ya mwaka mmoja. Mwaka ule ulipita zamani.

Lakini nisimchore baba mdogo kama jini. Kesho yake tulikwenda wote shambani akanieleza, na mimi nilimsikiliza. Akasema, wewe uko Dar, hujui machimbo. Vijana wanakuja kutoka kila mkoa, wana hela leo, kesho duara limekauka wamehamia Geita au Chunya. Wanaacha mimba. Binti wa jirani yetu ana mtoto, baba wa mtoto jina lake la kweli halijulikani. "Huyu," akasema, "amekuja na mshenga, amekuja na barua, anatoa ng'ombe mbele ya watu. Mtu aliyetoa ng'ombe anajulikana kwao ni wapi." Kwa Wasukuma mahari siyo mchezo. Mtoto ni wa upande upi, mwanamke akionewa anarudi kwa nani, vyote vinapita kwenye ng'ombe. Kwa hesabu za baba mdogo ile ilikuwa kumkatia bima. Na ukiangalia takwimu, hakuwa mtu wa ajabu kwao. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2010 ulikuta Shinyanga ya wakati ule, kabla haijagawanywa kutoa Simiyu na sehemu ya Geita, ikiongoza nchi nzima: wanawake 59 katika kila 100 wa umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kufika 18. Zaidi ya nusu. Kama jema ni lile jamii inalolikubali, basi jamii ilishapiga kura na baba mdogo alikuwa upande ulioshinda.

Usiku nikatoa simu nikaanza kusoma noti za kundi pinzani. Ndio niliowacheka, sasa nawasoma kwa mwanga wa simu ndani ya chandarua. Wao walimtumia James Rachels, kitabu cha 1986. Hoja yake moja ni nyepesi mpaka inaudhi: watu kutofautiana juu ya jambo hakuthibitishi kwamba jambo hilo halina ukweli. Kuna waliosema dunia ni bapa na waliosema ni mviringo, na hakuna aliyesema basi kila mtu na dunia yake. Ya pili ndiyo iliyonikaba. Kama sahihi maana yake ni kile kinachokubaliwa na jamii, basi yeyote anayetaka kuibadilisha jamii yake anakuwa amekosea tangu anafungua mdomo. Kwa hesabu hiyo Gyumi alikosea, na aliyeanza kusema vikongwe wenye macho mekundu wasiuawe huku Usukumani naye alikosea. Macho yale, jamani, ni moshi wa kuni na samadi. Na zile miaka za kuanzia 2007, watu wenye ualbino walipokuwa wanawindwa, na imani yenyewe ilihusishwa na bahati ya dhahabu na samaki, sikumbuki kusikia mtu yeyote akisema tuwaache ni imani yao. Wasukuma wenyewe walilia. Kwa hiyo kumbe hata sisi relativizimu yetu ina mipaka, sema huwa hatusemi ni nani aliyeiweka.

Tena Wasukuma wepi? Hili silipati kwa Rachels, nililipata kwa bibi. Baba mdogo anasema "mila zetu", haya. Mtu wa kwanza ninayemjua kuandika kitabu kizima cha sheria na mila za Wasukuma ni Hans Cory, mtu wa serikali ya kikoloni, kilitoka 1953. Alikusanya kwa kukaa na machifu na wazee. Wazee wanaume, mnaelewa. Bibi yangu alikuwa hai wakati huo na hakuna aliyemuuliza kitu. Nilimuuliza mimi, tunapukuchua mahindi. Akaniambia aliolewa mara ya kwanza na mtu aliyekuwa anampiga, akarudi kwao kwa miguu, na baba yake akarudisha ng'ombe. Kumbe hapo hapo ndani ya mila kulikuwa na mlango, na yeye aliupitia. Babu yetu alikuwa chaguo la pili, "huyo nilimtaka mwenyewe." Nikamuuliza vipi kuhusu hili la mjukuu wake. Akasema, "Sisi tulitolewa ng'ombe. Hawa wanatolewa hela ya shimo." Halafu akanyamaza, na bibi akinyamaza huwa hamalizii.

Nikaanza kuona. Milioni mbili taslimu siyo mila ya mababu. Kuchafua mtihani wa darasa la saba nayo siyo mila, maana mababu hawakuwa na mtihani. Kijana mwenye pikipiki mbili kupata binti wa 15 kwa sababu duara limetema mwaka huu, hiyo ni rashi imevaa lubega. Hata chagulaga yenyewe, ambayo sitaitetea kwa sababu kijana mmoja na wenzake kumkimbiza msichana toka mnadani ni vurugu tupu, neno lenyewe maana yake ni chagua. Mdogo wangu aliambiwa achague B.

Sasa nakuja kwenye sehemu ambayo ndiyo imenifanya nifute mistari wiki tatu.

Mwaka 2015 mimi naanza kidato cha kwanza, shule ya bweni. Mwaka huo huo dada yangu aliolewa. Alikuwa na miaka 16. Ng'ombe 12. Wanne kati yao waliuzwa: ada ya 70,000, godoro, sanduku, sare, michango, nauli, na akiba ya mwaka. Nakumbuka siku ile kwa sababu nilikuwa na furaha, nilinunuliwa na viatu. Januari 2016 Serikali ikafuta ada za shule za umma. Mwaka mmoja tu baadaye. Mimi sijawahi kukaa chini nikaziweka tarehe hizo mbili pamoja mpaka likizo hii, nikiwa ndani ya chandarua.

Kwa hiyo ile alama ya 17 niliipata nikiwa nimekaa kwenye kiti alichokilipia dada. Nikisema darasani "ni mila zao, tusiwahukumu", sikuwa mtazamaji wa pembeni, nilikuwa nimekula. Na nikigeuka kuwa mkosoaji, nikamwambia baba mdogo kwamba mahari ya mtoto ni dhulma kwa jamii zote na nyakati zote, basi nalisema hilo kwa elimu iliyotoka humo humo. Nikae upande upi ambao sina damu mikononi?

Mary Midgley, mwanafalsafa wa Uingereza, ana insha ya 1981 ambayo tulipewa tusome na mimi niliisoma nusu. Anachukua mfano wa samurai wa Japani anayejaribu makali ya upanga mpya kwa kumkata mpita njia. (Kuna wasomi waliobisha kwamba hiyo haikuwahi kuwa desturi iliyokubalika Japani. Sawa, lakini hoja inabaki.) Anasema ukisema huwezi kuuhukumu utamaduni wa wengine, basi huwezi kuusifu pia, na mwishowe hata wa kwako huna cha kuupimia. Lakini kilichonigusa ni kwamba anamkumbuka yule mpita njia: je, yeye aliridhia? Kwenye semina tulibishana saa mbili juu ya Wagiriki, Waajemi, Wajapani, na hakuna aliyemtaja mpita njia. Wa kwangu alikuwa umbali wa saa moja kwa bodaboda.

Nikaenda. Dada anaishi kijiji cha pili, ana watoto watatu, wa kwanza anasoma. Alinichinjia kuku. Nilizunguka zunguka na maneno, tukazungumza mpunga, tukazungumza mvua, mwishowe nikamuuliza kama alipoolewa alitaka.

Alicheka kwanza. Akasema, "Miaka yote hiyo hujawahi kuniuliza, leo umepata nini huko chuo?" Halafu akaendelea kupembua mchele. Akasema mume wake si mbaya, hamlalamikii. Akasema alikuwa wa tatu darasani kwao, kama nilikuwa najua. Sikuwa najua. Akasema, "Waliniambia kama siendi, wewe hutasoma. Sasa ningesemaje?" Nikamuuliza anafikiriaje kuhusu mdogo wetu. Akasema, "Mimi sina la kumwambia baba. Wewe ndiye una ng'ombe wangu kichwani."

Basi. Hakulia wala nini, aliniwekea na mchele wa kwenda nao.

Wiki moja kabla ya mtihani nikamrudishia baba mdogo bahasha yake. Nilishaandaa maneno. Kwasi Wiredu, yule mwanafalsafa wa Ghana, kwenye kitabu chake cha 1996 anasema hakuna jamii ya watu inayoweza kusimama bila angalau kiasi fulani cha kuyachukulia mambo ya mwenzako kama yako, na kwamba hilo halitoki Ulaya wala Afrika, linatoka kwenye kuwa mtu. Nililipenda kwa sababu halimtaki baba mdogo awe Mzungu. Mtu mwenyewe ndiye anayemkopesha jirani ng'ombe wa maziwa mwaka mzima bure. Nilitaka kumwambia: baba, huyo jirani unayemwonea huruma, mhesabu na binti yako.

Nilichosema kweli ni, "Shikamoo baba. Siwezi kuiandika."

Akaniuliza kwa nini. Nikasema bado mdogo. Akasema, "Dada yako alikuwa na umri gani?" Nikanyamaza. Akasema, "Ukikataa hawa, rudisha kwanza wale." Hakupaza sauti. Aliingia ndani, na kuanzia siku hiyo mpaka naondoka nikimwamkia anaitikia "marahaba" akiangalia pembeni.

Kushitaki sikushitaki. Najua baadhi yenu mtanisema. Kuna mtendaji wa kijiji, kuna dawati la jinsia polisi, kuna ustawi wa jamii. Kama mdogo wangu angekuwa wa kwenye mfano wa kitabu ningepiga simu siku ya kwanza. Lakini huyo wa kufungwa ndiye aliyenishika mkono kwenye mazishi ya baba. Nilifanya kitu cha nusu nusu: nilimwendea mwalimu mmoja wa shule yake, mtu wa makamo, nikamwambia bila kumtaja mposaji. Yule mwalimu hakushangaa hata kidogo. Alipita nyumbani jioni kama anayesalimia, akamwambia baba mdogo kwamba shule inamtegemea binti huyu, anafanya vizuri majaribio, na akishuka ghafla watauliza. Basi, akanywa maji akaondoka. Baba mdogo alijua mara moja habari imetoka kwa nani.

Na mdogo wangu nilimwambia asome maswali. Akaniuliza, "Baba je?" Nikamwambia hilo niachie mimi. Sikujua nasema nini.

Kuna jambo moja zaidi na sitaki kuliacha. Kwenye darasa lile lile kulikuwa na binti mwingine, nyumba ya nne kutoka kwetu. Watu walikuwa wanajua. Mimi nilijua. Yeye hakuwa na binamu aliyesoma Midgley nusu. Aliolewa mwezi wa kumi, mdogo wangu kaniambia kwenye simu. Na nikijiuliza kwa nini kwa yule sikusema kitu kwa mwalimu, wakati nilikuwa nimekaa naye ofisini dakika ishirini nzima, jibu ninalolipata ni lile lile: nilijisemea ni familia yao, ni mambo yao. Nilikuwa nimeshaisoma ile hoja, nimeshaikataa, na bado niliitumia, kwa sababu ilikuwa karibu na haikunigharimu.

Matokeo yametoka. Mdogo wangu amechaguliwa. Juzi Jumamosi baba mdogo alinipigia, mara ya kwanza tangu niondoke. Hakuuliza habari za chuo. Akasema, "Umesikia amechaguliwa?" Nikasema ndiyo baba. Akasema, "Hao wazungu wako wa vitabuni watanunua sare?" Nikasema nitatuma. Bumu lilikuwa limeingia Alhamisi. Nilituma 80,000, ya sare, viatu na madaftari ya kuanzia, akajibu kwa ujumbe wa neno moja, "Imefika." Jumapili dada naye akanitumia 20,000 kwa simu. Sikumwomba. Nilikaa na simu mkononi muda mrefu nikitafuta namna ya kuirudisha, halafu nikaenda kula, maana nilikuwa sijala tangu asubuhi.

Mposaji hajakata tamaa, anasema atasubiri mpaka Januari aone kama kweli ataripoti shule. Barua yake haijajibiwa mpaka leo. Bibi ndiye anaitunza, kaifungia kwenye sanduku lake la bati, na ufunguo anatembea nao.